Vazi la Ngozi la Pikipiki: Je, Lakukaa Sawasawa?

Ndugu msomaji, sisi wazazi tunayo desturi moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Tukienda kumnunulia mtoto sare ya shule, hatuchukui ile inayomkaa leo. Twachukua iliyo kubwa kuliko yeye. Mikono yafunika vidole, suruali yakunjwa mara mbili chini, nasi twajifariji tukisema, "Si neno, atakua nayo." Mwaka ujao itamkaa, na baadaye atairithi mdogo wake. Kwa sare ya shule hilo si kosa, ni busara ya mfuko mdogo. Lakini liko vazi moja ambalo ukilinunua kwa hesabu hiyo umetupa fedha zako, na huenda ukaumiza na mwili wako. Vazi hilo ni ovaroli ya ngozi ya mwendesha pikipiki.

Huenda umekwisha kuiona. Ni koti na suruali vilivyoshonwa vikawa kitu kimoja, na zipu moja ndefu mbele toka chini ya kitovu mpaka kooni. Ndani yake, mabegani, viwikoni na magotini, mmetiwa vikinga vigumu. Wenye kuivaa zaidi ni washindani wa mbio za pikipiki huko Ulaya, Marekani na Japani. Lakini marobota ya mitumba hayachagui, na siku hizi mara moja moja vazi kama hilo huangukia hata katika gulio la kijijini. Kijana wa bodaboda anayeishi mahali pa baridi akiliona, macho humtoka.

Ndivyo ilivyompata mpwa wangu. Aliuza mbuzi wawili, akanunua ovaroli nyeusi yenye mistari myekundu. Ilikuwa imeshonewa mtu mnene, naye ni mwembamba kama mchi. Mama yake alipomwuliza mbona yampwaya, alijibu kwamba kubwa ni bora, kwa kuwa aweza kuvaa sweta mbili ndani. Tukanyamaza, maana hata sisi tuliona maneno yake yana akili.

Miezi miwili baadaye alianguka penye kona yenye changarawe. Mwendo haukuwa mkubwa, na abiria hakuwapo. Ovaroli haikuchanika hata kidogo. Lakini kile kikinga cha goti kilikuwa kimezunguka, kikakaa upande wa nje wa mguu, na goti lenyewe likapiga chini likiwa na ngozi nyembamba tu juu yake. Alichechemea wiki nyingi. Sote tulistaajabu: vazi zima, goti bovu! Hapo ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma habari za mavazi haya, na leo nataka kukugawia niliyoyapata.

ASILI YAKE NI KWA FUNDI CHEREHANI

Zamani washindani wa pikipiki walivaa koti la ngozi na suruali ya ngozi, kila kimoja mbali. Mavazi hayo yalikuwa mapana. Upepo ukiingia ndani yalituna kama tanga la jahazi, na tanga hilo lilimvuta mtu nyuma wakati yeye ataka kwenda mbele.

Mwingereza mmoja, jina lake Geoff Duke, aliyezaliwa mwaka 1923 katika mji wa St Helens, aliona kuwa upepo huo wamwibia mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alimwendea fundi cherehani wake, Frank Barker, akataka ashonewe vazi moja la ngozi toka shingoni mpaka miguuni, lenye kushika mwili. Tangu mwaka 1951 hata 1955 Duke alipata ubingwa wa dunia mara 6. Sisemi kwamba ni vazi lililomshindia, maana alikuwa hodari sana na pikipiki zake zilikuwa nzuri. Lakini katika kazi ile hata jambo dogo huhesabiwa. Mwaka 1955, katika mashindano ya kisiwa cha Man, ilitangazwa kwamba amezunguka njia ile ya karibu maili 38 kwa mwendo wa maili 100 kwa saa. Hesabu ziliporudiwa, ikaonekana ni maili 99.97. Mahali ambapo sehemu ndogo kama hiyo yamnyima mtu sifa, nani atakubali kubeba tanga mgongoni?

Basi wenzake wakamwiga, na vazi lile likaenea duniani. Duke mwenyewe alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 92. Neno ninalotaka ulishike hapa ni hili: Duke hakwenda dukani akachagua ovaroli iliyotundikwa. Alikwenda kwa fundi, akapimwa. Toka siku yake ya kwanza vazi hili lilikuwa vazi la kipimo.

KWA NINI LIKAE SAWASAWA?

Duke alitafuta mwendo, lakini watu waliomfuata waligundua faida iliyo kubwa zaidi. Vazi linaloshika mwili hulinda mwili. Tazama kinachotokea mtu akianguka. Mambo ni mawili. La kwanza ni kupiga chini: bega, kiwiko, nyonga au goti hugonga barabara. La pili ni kuburuzika, na lami humla mtu kama tupa inavyokula chuma.

Kazi ya ngozi ni kuzuia lile la kuburuzika. Ngozi ya ng'ombe inayotumika huwa na unene wa kama milimita 1.2 mpaka 1.4. Wengine hutumia ngozi ya kangaruu, mnyama wa Australia, ambayo ni nyembamba na nyepesi lakini ni imara sana, kwa sababu nyuzi zake zimelala upande mmoja. Kazi ya vikinga ni kupunguza lile pigo.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kikinga cha goti kina ukubwa wa kiganja cha mkono, au zaidi kidogo. Kikikaa juu ya goti, kinalinda goti. Kikihama vidole vinne, kinalinda hewa. Hakuna gundi inayokishika hapo. Kinachokishika ni ngozi yenyewe kwa kubana mguu. Vazi likipwaya, pigo la kwanza hukisukuma kando, na pigo la pili hukuta mfupa. Tena mkono uliopwaya hupanda juu wakati wa kuburuzika, ukaacha kigasha wazi. Na ngozi iliyolegea hujikunja, likatokea kunjo moja linalosuguliwa peke yake mpaka litoboke, wakati sehemu nyingine hazikuguswa.

Lakini usidhani kuwa basi kadiri linavyobana ndivyo linavyofaa. Hasha! Vazi linalobana mno huzuia pumzi, hutia ganzi mikono na miguu, na mtu akichoka haoni hatari mapema. Mishono nayo hukaa imevutika siku zote, ikingoja sababu ya kufumuka. Likae kama glavu nzuri inavyokaa mkononi: halina nafasi ya bure, wala halikuzuii kukunja vidole.

KWANZA PIMA MWILI

Chukua futi ya fundi cherehani, nawe uvae nguo nyepesi tu. Mwombe mtu akupime, maana anayejipima mwenyewe huinama, na kipimo hupotea.

Pima kifua chini ya makwapa, kiuno, na nyonga pale palipo panana zaidi. Pima mkono toka mfupa wa shingo nyuma, kupitia begani, mpaka kifundo cha mkono, huku kiwiko kimekunjwa. Pima mguu kwa ndani, toka msamba mpaka kifundo. Pima na unene wa paja, wa shavu la mguu, na wa mkono wa juu. Halafu kipo kipimo kimoja ambacho wengi hukisahau, nacho ndicho kikubwa kwa ovaroli: urefu wa kiwiliwili. Futi ianze chini ya shingo mbele, ishuke kifuani na tumboni, ipite msamba, ipande mgongoni mpaka nyuma ya shingo. Koti na suruali mbalimbali haviulizi kipimo hiki. Ovaroli huuliza, kwa kuwa mabega na msamba vimefungwa pamoja.

Namba zilizoandikwa ndani ya vazi zina maana yake. Mavazi ya Italia na Ujerumani kwa kawaida hutaja nusu ya kifua kwa sentimita. Mtu mwenye kifua cha sentimita 100 hutafuta namba 50. Waingereza na Wamarekani hutaja kifua kwa inchi, kwa hiyo mtu huyo huyo kwao ni namba 40. Lakini namba ni mlango tu. Watengenezaji hawakati sawa, na watu wawili wenye kifua kimoja waweza kuwa mmoja mrefu na mmoja mfupi.

HALAFU LIJARIBU UKIWA UMEKETI

Hapa ndipo wengi hupotea. Huvaa ovaroli, husimama mbele ya kioo, huona mabega yanavutwa mbele na magoti yamekunjika, husema, "Hili ni dogo, nipe kubwa." Kumbe vazi lile halikukatwa kwa mtu aliyesimama. Limekatwa kwa mtu aliyeinama juu ya tangi la pikipiki, mikono mbele, magoti yamekunjwa. Ukisimama nalo utaonekana kama mzee anayetafuta sindano sakafuni. Hiyo si ila ya vazi. Lililonyooka vizuri ukiwa umesimama huwa limejaa makunjo ukiwa juu ya pikipiki.

Kwa hiyo livae pamoja na vitu vyote utakavyovaa njiani: nguo ya ndani nyembamba, kikinga cha mgongo, buti na glavu. Kisha panda pikipiki, shika usukani, weka miguu penye vikanyagio. Ukae hivyo dakika kumi na tano, si mbili. Jichunguze hivi:

Kwanza, shingo. Kola isikukabe, wala isikuchome ukigeuza kichwa kutazama nyuma.

Pili, mabega. Nyosha mikono mbele. Yasikukate kwapani.

Tatu, vifundo vya mikono. Mkono wa vazi usipande hata nyama ikaonekana kati yake na glavu.

Nne, viwiko na magoti. Katikati ya kikinga pawe juu ya mfupa ulipokunjwa. Mwombe rafiki akishike kwa nguvu na kujaribu kukizungusha. Kikizunguka mkononi mwake, kitazunguka barabarani.

Tano, msamba. Inama mpaka kifua kikaribie tangi, kisha inuka. Vazi lisikuvute chini mabegani wala kukubana kwa chini. Likikuvuta, kiwiliwili chake ni kifupi kwako.

Sita, pumzi. Vuta pumzi ya kujaza kifua. Kama huwezi, livue.

Watu watakuambia, "Ngozi hulegea, vumilia." Ni kweli, lakini nusu yake tu. Ngozi mpya hulegea kwa unene, ikafuata mapaja na mikono yako kadiri unavyoivaa. Kwa urefu hailegei vya kutosha. Kwa hiyo kubana kidogo pajani ni jambo la kungojea. Kukuvuta mabegani na msamba ni jambo la kukataa. Mafundi wazuri hutia pia mikunjo kama ya akodiani juu ya magoti na kiunoni, na vipande vya kitambaa kinachonyumbuka nyuma ya magoti na kwapani, ili vazi libane bila kukufunga.

Mavazi ya siku hizi ya mbio yana mfuko wa hewa ndani, unaojaa ghafula mtu akianguka. Tangu mwaka 2018 kila mshindani wa MotoGP hulazimika kuwa nao. Vazi la namna hiyo lataka nafasi kidogo mbavuni na mabegani ili mfuko upate pa kufura. Hapo fuata kipimo alichoandika mtengenezaji, usikisie.

PIKIPIKI YAKO NI YA NAMNA GANI?

Sasa nirudi kwa mpwa wangu. Hata kama ovaroli ile ingekuwa ya namba yake, isingemfaa. Kwa nini? Kwa sababu ilikatwa kwa pikipiki ya mbio, na pikipiki yake ni hizi zetu za kubeba watu na magunia. Juu ya pikipiki ya mbio mtu hulala. Juu ya pikipiki yetu mtu hukaa wima kama aliyeketi kitini. Akikaa wima ndani ya vazi la kulalia, mgongo wamvuta, kola yamkaba, na mwisho hufungua zipu mpaka tumboni ili apumue. Vazi lililofunguliwa zipu ni sawa na mlango uliofungwa kwa komeo lakini ukuta haupo.

Tena liko joto. Ovaroli ya ngozi kwa mwendo mkubwa hupata upepo kupitia matobo madogo ya kifuani. Kwa mwendo wa kijijini, na kusimama kila mara kuteremsha abiria, jua la saa sita humpika mtu ndani yake. Basi kwa mwenye kuketi wima, heri koti na suruali mbalimbali, vyenye vikinga, vinavyounganishwa kwa zipu kiunoni. Aweza kuvifungua anaposimama. Lakini kanuni ya kipimo ni ile ile: vikae juu ya mfupa, visizunguke.

UKIIKUTA KATIKA MITUMBA

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ovaroli ya mtumba nayo ilishonewa mwili wa mtu mwingine, na ngozi yake imekwisha kushika sura ya mwili huo. Huenda ikakufaa, lakini itazame kwa macho manne.

Geuza bitana nje. Ingiza mkono katika mifuko ya vikinga, maana mara nyingi vimekwisha kutolewa, na watu hununua ngozi tupu wakidhani wana vyote. Vuta mishono ya mabega, viwiko na makalio kwa mikono miwili. Ukiona nyuzi zinachungulia, au mwanga unapita, iache. Tafuta alama za mchubuko, maana vazi lililokwisha kuanguka mara moja limetumia sehemu ya nguvu zake. Kunja ngozi: ikilia kama jani kavu na kuonyesha nyufa, imekufa. Tazama na kibandiko cha ndani. Katika mavazi yaliyopimwa kwa kanuni za Ulaya za mwaka 2020 utaona mchoro mdogo wa mwendesha pikipiki na herufi za daraja: AAA ndiyo daraja la juu, kisha AA, kisha A. B halina vikinga vya kuzuia pigo. C ni la vikinga tu, halizuii kuburuzika.

Wengine husema, "Ikiwa kubwa, nitampa fundi aipunguze." Jihadhari. Kitambaa ukikifumua, tundu la sindano hufutika. Ngozi haisahau. Kila tundu hubaki, na mstari wa matundu ni mstari wa kuchanikia, kama stempu zinavyochanika posta. Tena cherehani ya kawaida haiwezi ngozi nene, nayo pamba ya kushonea mashati haiwezi kuburuzwa. Kama ni lazima, nenda kwa fundi wa viatu au mikoba mwenye mashine ya ngozi na uzi wa nailoni. Apunguze upande wa ndani wa mkono au wa mguu, mahali ambapo hapagusi barabara. Asiguse bega, kiwiko, nyonga wala goti. Na kiwiliwili kifupi hakirefushwi na fundi yeyote.

Ukiisha kupata lililo sawasawa, litunze. Likilowa, litundike kivulini penye upepo, kwenye mti mpana wa nguo. Usilianike juani wala karibu na moto wa jikoni, maana hapo ngozi hukauka na kusinyaa, na kile kipimo ulichokihangaikia hupotea usiku mmoja. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha lipakwe mafuta ya ngozi kiasi.

NENO LA MWISHO

Mpwa wangu amepona. Ile ovaroli aliiuza kwa jirani mmoja mnene aliyetaka kuvaa wakati wa kukata magogo, na nasikia yamkaa vizuri. Fedha alizopata zilikuwa nusu ya mbuzi wale. Kwa fedha hizo, na nyingine alizoongeza kidogo kidogo, alikwenda kutafuta koti fupi lenye vikinga na vikinga vya magoti vya kufunga kwa mikanda.

Safari hii nilikwenda naye. Alipolivaa koti, alitoka nalo mpaka nje, akapanda pikipiki yake iliyoegeshwa, akashika usukani, akakaa. Mwenye duka alimfuata mbio akidhani anaibiwa. Alipoona kijana amekaa tu, anageuza shingo huku na huku na kukunja viwiko, akaniuliza, "Mzee, huyu vipi? Anajaribu koti au anaendesha ndotoni?" Nikamjibu kwamba anapima. Watu wakacheka. Mpwa wangu hakujali. Alikaa pale muda wake wote, akateremka, akasema mikono ni mifupi, akaomba lingine.

La tatu ndilo tulilonunua. Nawe, ndugu msomaji, mwanao au mumeo akija na vazi la pikipiki jipya, usimsifu kwanza. Mwambie apande pikipiki akiwa amelivaa, ushike kikinga cha goti, ukizungushe. Kikikataa kuzunguka, hapo ndipo umsifu.